"Walimpasua Bure": Neno Lililogharimu Mguu

*Haya ni maneno tuliyoyatoa mjini Mwanza mbele ya wahudumu wa afya wa vigango na viongozi wa jumuiya kutoka visiwani na pande zote mbili za ghuba. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukapunguza marudio tu.*

  

Wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana, tunawashukuru kwa kufika. Tunajua wengine mmeamka usiku kuwahi meli, na wengine mmefunga vibanda vyenu vya dagaa siku nzima kwa ajili ya mkutano huu. Ratiba inasema tuzungumze juu ya huduma ya kwanza kwa majeruhi, nasi tutaizungumza. Lakini tumeona tuanze na neno moja lililotufikia kutoka kijiji kimoja cha visiwani. Neno lenyewe ni fupi: "Walimpasua bure." Tunaanza nalo kwa sababu limekwisha kugharimu mguu wa kijana.

Ilikuwa msimu wa maembe. Mtoto wa kiume wa miaka minane alipanda mti mchana baada ya shule, tawi likakatika, akaangukia mkono. Mfupa ulivunjika juu kidogo ya kiwiko. Ninyi mnalijua vunjiko hilo, maana kila mwaka maembe yakiiva tunawaona watoto wa namna hiyo. Babu yake, mtu mwema na mwenye sifa ya kuunga viungo, aliufunga mkono kwa vijiti na vipande vya khanga, akakaza sawasawa ili mfupa usicheze. Jioni mama alipompelekea uji akaona vidole vimekuwa vyeupe, na vina baridi kama samaki wa kwenye barafu. Mtoto alikuwa analia kwa namna ambayo mama hakuizoea. Hakungoja asubuhi. Alimbeba hadi zahanati, muuguzi akazikata khanga zote. Rangi ilirudi kidogo, lakini kifundo cha mkono hakikudunda. Usiku ule ule wakapata mtumbwi wenye injini, wakavuka ziwa, na kabla ya usiku wa manane mtoto alikuwa hospitali.

Daktari alimlaza usingizi, akaunyoosha mkono, akaurudisha mfupa mahali pake. Kwa watoto wengi, hatua hiyo peke yake inatosha na mapigo yanarudi. Kwa huyu hayakurudi. Mkono uliendelea kuwa mweupe na wa baridi. Basi akafungua ngozi mbele ya kiwiko ili auone mshipa kwa macho yake. Akaukuta haukukatika. Ulikuwa umevutwa na utando ukabanwa kwenye ukingo wa mfupa, na kwa mshtuko ulikuwa umejikaza, umekuwa mwembamba kama uzi wa nyavu. Aliuachia, akaumwagia maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akangoja. Wauguzi waliokuwepo wanasema kungoja kule ndiko kulikuwa kugumu kuliko kukata. Baada ya muda mshipa ulijaa, ukaanza kudunda, na vidole vikapata rangi. Akauchunguza tena juu na chini, akaridhika kwamba ni mzima, akafunga jeraha. Hakushona mshipa wala hakuweka kiraka.

Asubuhi baba mtu aliambiwa hivi: "Tumeangalia mshipa, ni mzima, hatukutengeneza kitu." Basi. Kisha akapewa karatasi ya malipo yenye mstari wa upasuaji wa kukagua mshipa. Alikuwa ameuza nyavu zake ili apate fedha za safari na matibabu. Ndugu zangu, mjiweke mahali pake. Ukimpeleka fundi injini ya mtumbwi akaifungua, akakwambia haikuwa na ubovu, kisha akakudai fedha, utamwitaje? Baba yule alirudi nyumbani na mtoto mwenye mkono unaofanya kazi, lakini pia alirudi na neno: walimpasua bure.

Tena kuna jambo la lugha hapa. Neno "mshipa" kwetu lina kazi nyingi mno. Ngiri tunaiita mshipa. Mishipa ya fahamu ni mishipa. Kano zinazovuta vidole, watu wengi huziita mishipa. Mzee mmoja wa kijiji kile alituuliza kwa mshangao, "Mtoto mdogo vile ana mshipa, tena wa mkononi?" Kwa hiyo leo tutatumia neno ateri kila tunapotaja mshipa unaotoa damu kwenye moyo na kuipeleka viungoni, ule unaodunda. Mshipa unaorudisha damu moyoni huitwa vena, nao haudundi. Mkifundisha nyumbani, fanyeni hivyo hivyo.

Miezi michache baadaye, katika kijiji kile kile, kijana wa bodaboda alianguka na pikipiki yake kwenye mteremko wa mawe. Goti lilitoka mahali pake, kisha likarudi lenyewe. Hiyo ndiyo hatari ya goti, ndugu zetu. Likisharudi, mguu unaonekana umenyooka na watu wanasema ni kuteguka tu. Lakini lilikuwa limevimba sana na unyayo ulikuwa wa baridi kuliko mwenzake. Tabibu wa kituo cha afya aliona, akaandika rufaa, na kwa nia njema akawaeleza ndugu kwamba huenda madaktari wakalazimika kufungua nyuma ya goti kuangalia ateri. Ndugu wakakaa kikao. Mtu mmoja akakumbusha habari ya mtoto wa mwembe. Wakasema: ni yale yale, watampasua bure, tungoje uvimbe ushuke. Walimpeleka kwa mganga wa viungo ng'ambo. Siku ya tatu vidole vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Alipofika hospitali hapakuwa tena na ateri ya kuokoa, maana nyama zilikuwa zimekufa. Alikatwa juu ya goti. Ana miaka 23.

Tulikwenda kukaa na familia ile, na hatukwenda kuwahukumu. Tukiwa pale tulitambua kwamba kosa la kwanza halikuwa lao. Lilikuwa la upande wetu sisi tunaohudumu, wauguzi na matabibu na wote tunaosimama kati ya chumba cha upasuaji na benchi la ndugu wa mgonjwa. Baba wa mtoto hakudanganywa, maana aliyoambiwa yalikuwa kweli tupu, ila hakuelezwa maana yake. Hospitali hatuitaji, na aliyesema maneno yale alikuwa amekesha. Lakini sentensi moja iliyokosa maelezo ilivuka ziwa, ikakaa kijijini, ikamngojea mtu mwingine.

Sasa tuseme maana yake.

Kiungo kinaishi kwa damu. Ateri ikikatika, ikibanwa, au damu ikiganda ndani yake, nyama na mishipa ya fahamu iliyo mbele huanza kufa njaa. Ngozi huvumilia zaidi, ndiyo maana macho hudanganyika, kwani ngozi yaweza kuonekana nzuri huku nyama chini yake zinakufa. Madaktari hutumia kipimo cha muda wa saa 6. Si kwamba ya saba ikigonga mlango unafungwa, kwani wengine huharibika mapema na wengine huokoka baadaye, hasa ikiwa damu kidogo ilikuwa inapita. Lakini kila saa inayopita inapunguza tumaini.

Viungo navyo havifanani. Kwenye kiwiko, kando ya ateri kubwa, kuna vijiateri vingi vinavyozunguka pande zote na kuungana tena chini. Kubwa ikizibwa, damu mara nyingi hupata vichochoro. Goti halina bahati hiyo. Wale wa Sengerema na Geita mtatuelewa haraka. Mnakumbuka Kigongo na Busisi kabla ya daraja? Kivuko kikiharibika, magari yalisimama foleni na wagonjwa ndani yake, na aliyetaka kuzunguka kwa nchi kavu alizunguka kweli kweli. Tangu Juni 2025 mnavuka kwa Daraja la J. P. Magufuli kwa dakika chache, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini goti limebaki kama Busisi ya zamani. Njia ni moja, na ikizibwa, mzunguko hautoshi kulisha mguu.

Hili limeandikwa kwa damu ya watu. Mwaka 1946 madaktari wawili wa Marekani, Michael DeBakey na Fiorindo Simeone, walichapisha hesabu ya majeraha 2,471 ya ateri waliyoyapata askari wa nchi yao katika Vita Kuu ya Pili. Katika hayo yote, yaliyoshonwa yalikuwa 81 tu. Mengine mengi ateri ilifungwa kwa uzi ili damu isimwagike, basi. Karibu nusu ya waliofungwa hivyo walikatwa kiungo, na kwa ateri ya nyuma ya goti ilikuwa zaidi ya 70 kati ya kila 100. Elimu ya kushona ateri ilikuwepo zamani. Alexis Carrel, Mfaransa wa Lyon, aliionyesha mapema katika karne ya 20 na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Kilichokosekana vitani ni kumfikisha majeruhi kwa mshonaji mapema. Katika vita ya Korea, majeruhi walipoanza kusafirishwa haraka na ateri kushonwa, waliokatwa viungo walishuka hadi 13 hivi kati ya 100. Tunawasomea hesabu hizi ili mjue kwamba mtumbwi wenye injini uliotoka usiku ule una uzito sawa na kisu cha daktari.

Baada ya vita hizo, hospitali za miji ya Marekani ziliingia upande wa pili wa barabara. Kila jeraha la kisu au risasi lililopita karibu na ateri lilifunguliwa, hata kama mgonjwa hakuwa na dalili yoyote. Mara nyingi zaidi walikuta ateri nzima. Hapo, tuseme kweli, wengine walipasuliwa pasipo haja. Madaktari wenyewe waliliona hilo, na kufikia miaka ya 1980 na 1990 wakabadilisha utaratibu. Hatutaki mwende nyumbani mkisema kila upasuaji ni sawa kwa kuwa daktari amesema. Ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuuliza, "Mmeona dalili gani?"

Nazo dalili zinajulikana. Damu inayoruka kwa kufuata mapigo ya moyo, uvimbe unaokua mbele ya macho au unaodunda, mtetemo chini ya vidole kama wa paka anayekoroma, kiungo kisicho na mapigo, kiungo kilichopauka, chenye baridi, chenye ganzi, kisichoweza kusogea. Mwenye mojawapo ya hizi haendi kungojea picha nyingi. Wenye dalili hafifu, kwa mfano jeraha lililo karibu na ateri lakini mapigo yapo, hao hupimwa na kuangaliwa saa kwa saa. Kipimo kimoja ni rahisi. Hupima shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu kwa mashine ndogo ya Dopla, kisha la mkono mzima, na kugawanya la mguu kwa la mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9 wanaingiwa na wasiwasi. Penye mashine kubwa ya siti skani hupiga picha ya ateri kwa dawa inayong'aa. Hospitali zetu nyingi za wilaya hazina mashine hiyo, na hata zenye nayo haziwezi kuitumia kila mara kwa mtu ambaye saa zake zinakwisha. Hapo jicho na kidole cha mpasuaji ndizo mashine.

Kuhusu watoto wa mwembe kuna mjadala mpaka leo. Mtoto ambaye mfupa umerudishwa, mkono wake una joto na rangi nzuri, ila mapigo ya kifundoni hayasikiki, wapasuaji wengi hawamfungui. Humlaza na kumwangalia kwa makini, kwa sababu vichochoro vile vya kiwiko vinafanya kazi na mapigo kwa kawaida hurudi. Wengine hupendelea kufungua. Lakini mkono uliobaki mweupe na wa baridi baada ya mfupa kurudishwa hauna mjadala, lazima aangaliwe. Mtoto wetu alikuwa wa kundi hili la pili.

Labda mtauliza, kama ateri haikukatika, si ingefunguka yenyewe? Yaweza kuwa. Ukuta wa ateri una misuli, na ikigongwa hujikaza kama ngumi. Lakini kuna ubaya mwingine unaofanana na huo kwa nje. Ateri ina tabaka la ndani, laini sana. Ikivutwa, tabaka la ndani laweza kuchanika huku la nje likiwa zima. Kwa macho inaonekana imejikaza tu. Ndani yake, damu inaganda taratibu, na baada ya saa kadhaa njia imezibwa kabisa. Ndiyo maana wapasuaji wazuri huwaonya vijana wao wasikimbilie kusema "imejikaza tu" bila kuhakikisha. Daktari akifungua, huishika ateri juu ya mahali penye shaka na chini yake, huisikiliza kwa kidole, huipasha joto, pengine huipaka dawa ya kuilegeza kama papaverini, na hungoja aone kama damu inapita kwa nguvu hadi vidoleni. Asiporidhika, anakata na kushona. Akiridhika, anafunga. Kule kuridhika ndiko kazi aliyoifanya. Neno "hatukutengeneza kitu" linaficha saa nzima ya kazi, na linaficha pia ile sehemu iliyo njema kuliko zote, kwamba mtoto amebaki na ateri yake mwenyewe aliyozaliwa nayo, isiyo na mshono.

Kuhusu malipo, tunajua hapa ndipo penye kidonda. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Chama cha madaktari cha Marekani kina orodha kubwa ya huduma inayotumiwa na bima za nchi ile. Humo, kukagua ateri bila kuitengeneza kumeandikwa kama upasuaji unaojitegemea, na tangu mwaka 2020 una mistari mitatu, yaani shingo, mkono na mguu. Ateri ikishonwa wakati huo huo, ukaguzi haulipwi peke yake. Kwa maneno mengine, hata wale wanaohesabu kila senti wamekubali kwamba kufungua, kuangalia na kujiridhisha ni kazi kamili. Kwetu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Familia ya mvuvi isiyo na bima inauza nyavu, na akiuza nyavu ameuza chakula cha miezi. Kwa hiyo mkiwaandikisha watu bima msitaje malaria na uzazi tu, tajeni na mwembe na bodaboda.

Huko Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanisa tuliyoizoea kuiona juu ya kilima tangu mwaka 1971, madaktari walichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa 162 waliokatwa viungo vikubwa hapo. Sababu ya kwanza ilikuwa madhara ya kisukari kwenye miguu, na ya pili ilikuwa majeraha. Kisukari tutakizungumza siku nyingine, kinahitaji mkutano wake. Ila majeraha yanatuhusu leo, kwa sababu mwenye jeraha alikuwa mzima asubuhi ile.

Tuje sasa kwenye kazi yenu.

La kwanza ni kamba. Atakayekumbuka neno moja tu kati ya haya yote na akumbuke hili: msikaze. Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza habari za mikono inayojikunja kama makucha ya ndege na kutofunguka tena, akaihusisha na kukatika kwa damu na bandeji zilizokazwa mno. Mikono hiyo tunayo kwetu. Tazameni vizuri sokoni, mtamwona mtu mzima mwenye mkono wa namna hiyo, na mkimwuliza atawaambia alianguka utotoni na akafungwa. Vijiti vya babu havikuwa na kosa, kwani kutuliza mfupa ni jambo jema na hata hospitali hufanya hivyo. Kosa lilikuwa kukaza na kuacha bila kuangalia vidole. Babu yule tulimweleza hivyo kwa heshima, na sasa yeye mwenyewe huacha vidole wazi na huvibonyeza kila mara. Msiwatukane waunga viungo. Kaeni nao, maana watu watawafuata wao kwanza, mpende msipende. Hata hogo la hospitali laweza kubana mkono ukivimba baadaye. Mtoto mwenye hogo anayelia kwa maumivu yasiyotulia, na akizidi kulia ukimnyoosha vidole, arudishwe usiku huo huo. Kadhalika aliyeumwa na nyoka asifungwe kamba ya kukata damu. Tumeona miguu iliyouawa na kamba wala si na sumu.

Damu ikimwagika, bonyeza moja kwa moja kwenye jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kuchungulia kila dakika. Wale wa kwenye mialo wanaochana sangara, kisu kikiteleza kikaingia pajani, usikichomoe kama bado kimesimama. Aliyeng'atwa na mamba vilevile, bonyeza na kimbiza. Ikiwa kubonyeza kumeshindikana na mtu anakufa mbele yako, funga kwa kitambaa kipana juu ya jeraha na uandike muda kwenye paji la uso au kifuani kwa kalamu. Kamba isiyo na muda inamfanya daktari akisie.

Karatasi ya rufaa nayo. Tumeona nyingi zilizoandikwa "mkono umevunjika" na basi. Ongezeni maneno matatu: saa aliyoumia, mapigo yapo au hayapo, vidole vina rangi gani. Daktari wa zamu anayepokea wagonjwa kumi kwa mara moja, akisoma "hakuna mapigo tangu saa 11 jioni", huyo mtoto hatakaa kwenye benchi.

Na mwisho ni maneno ya kuwaambia ndugu. Kabla hawajasafiri, waelezeni kwamba daktari anaweza kufungua ili aone ateri. Akiikuta imekatika atashona. Akiikuta nzima atafunga, na hiyo ndiyo habari tunayoiombea. Waambieni mapema, wakiwa bado nyumbani na akili zimetulia kidogo, si usiku wa manane mlangoni mwa chumba cha upasuaji mtu akiwa na kalamu ya kutia sahihi mkononi. Waambieni pia kwamba baada ya kufungwa jeraha, mgonjwa ataamshwa amshwa usiku kucha akipimwa mapigo, kwa sababu ateri iliyo nzima leo jioni yaweza kuziba kesho alfajiri, na pengine atarudishwa tena ndani. Wakilijua hilo hawatasema wanachezewa. Nasi wa upande wa hospitali tumekubaliana kuacha kabisa kusema "hatukutengeneza kitu". Tunasema: "Tulihofu ateri imekatika. Tumeiangalia yote. Damu inapita. Njoo umshike mkono uone."

Baba wa mtoto yule tulimrudia. Tulikaa naye chini ya mwembe ule ule, maana ndipo penye kivuli. Tulimweleza kama tulivyowaeleza ninyi, kwa neno ateri, kwa mfano wa Busisi, na tukamwomba radhi kwamba haya hakuambiwa siku ile. Alinyamaza sana. Kisha akamwita mtoto, akakishika kifundo chake cha mkono, akatafuta kwa kidole gumba. Tukamwambia atumie vidole viwili, maana kidole gumba kina mapigo yake chenyewe na kitamdanganya. Akapata. Akauliza kama anaweza kwenda kwa kijana wa bodaboda kumweleza. Tulimwambia hilo ni lake yeye kuamua, nasi tungemsindikiza. Alikwenda. Waliyozungumza ni yao.

Basi sasa viatu chini, tafadhali. Kila mmoja amgeukie jirani yake, akina mama kwa akina mama, akina baba kwa akina baba. Tunaanza na mguu. Weka vidole viwili juu ya unyayo, katikati, kwenye mstari unaoshuka kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata. Usibonyeze sana. Usipopasikia, hama kidogo kidogo, au nenda nyuma ya fundo la ndani la mguu. Wachache wenu hamtaupata wa juu ya unyayo kabisa, kwa kuwa kuna watu wazima wasio nao hapo na ni wazima wa afya. Ndiyo sababu tunalinganisha mguu na mguu. Kisha bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, achia, hesabu. Rangi irudi kabla hujamaliza kusema mbili. Tutapita kati yenu. Asiyepata anyooshe mkono.